Kunyonya mafuta si njia ya kupunguza uzito

Wengi huamini hivi: "Nina kilo 110, nitafanyiwa upasuaji wa kunyonya mafuta, nitoke mwembamba." Imani hii inaumiza watu, ndiyo maana naiandikia.

Shika tumbo lako kwa vidole viwili. Kile unachokibana ni mafuta yaliyo chini ya ngozi, na hayo tu ndiyo mrija wa daktari unayafikia. Tumbo lililo gumu, lililojaa kama ngoma, lina mafuta yaliyozunguka utumbo na ini. Hayo hayanyonywi. Na ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na shinikizo la damu.

Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliwapima wanawake 15 wenye unene uliopitiliza, baada ya kuondolewa takriban kilo 10 za mafuta kila mmoja. Kilo 10 nzima! Lakini sukari, shinikizo na mafuta ya kwenye damu havikupata nafuu yoyote ya maana.

Ndiyo maana daktari makini hukuambia upungue kwanza, kisha uzito utulie kwa miezi kadhaa. Hakudharau. Unene mkubwa huongeza hatari ya damu kuganda, kidonda kuoza na matatizo ya nusukaputi. Na ukifanyiwa pia upasuaji wa kukata ngozi ya tumbo iliyolegea leo, kisha ukapungua kilo 20 baadaye, ngozi italegea upya na pesa zimekwenda. Wavutaji sigara nao huambiwa waache wiki kadhaa kabla, maana nikotini hubana mishipa na kidonda hukosa damu.