Barua Pepe Inayojibiwa: Ombi Likae Juu

Mwezi Oktoba katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi kule Umalila aliniandikia barua pepe. Niliifungua kwenye simu, ndani ya daladala, nikielekea kazini, ambako tunapima udongo wa wakulima. Salamu ndefu, historia ya kikundi tangu kisajiliwe, shida ya bei, shukrani. Nikasema nitaisoma vizuri nikitulia. Niliporudi kuisoma baada ya siku nne, nikakuta mstari wa mwisho kabisa: wanaomba kuleta sampuli za udongo kabla ya mvua, na gari lao linashuka mjini Alhamisi. Alhamisi ilikwisha pita. Kuchelewa kulikuwa kosa langu, na nilimwomba radhi. Tangu siku hiyo kila nikikutana na viongozi wa vikundi na AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) huku Mbeya, nalisema hili: ombi likae juu.

Katika barua za ofisini tumezoea "Yah:" na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Kwenye barua pepe, Yah ni sehemu ya mada, na simu huonyesha maneno yake machache ya mwanzo tu. "Ombi" halimwambii kitu mtu mwenye barua hamsini zinazomsubiri. Andika: "Sampuli 12 za udongo, tulete Alhamisi?"

Kisha barua yenyewe:

"Ndugu Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha viazi, Umalila. Tunaomba kuleta sampuli 12 za udongo Alhamisi, tarehe 16. Je, mtatupokea siku hiyo, na kupima sampuli moja ni shilingi ngapi?"

Hiyo naijibu nikiwa nimesimama. Na salamu imo. Wengi huogopa kwamba kuandika kwa ufupi ni utovu wa adabu. Kwetu mtu haelezi shida kabla ya kusalimia, nami sitaki tuache. Salamu ya mstari mmoja inatosha, na historia ya kikundi ifuate chini kwa atakayeihitaji.

Uliza swali lenye jibu. "Tunaomba msaada kuhusu udongo" linanilazimisha kwanza nitafute mnataka nini, na hapo ndipo barua huwekwa kando. Mambo mawili yasiyohusiana yaende kwa barua mbili, maana jepesi hujibiwa na zito husahaulika.

Picha za majani yanayougua zisizidi mbili au tatu, ziwe safi, na mojawapo ionyeshe upande wa chini wa jani. Bakajani chelewa, ugonjwa wa viazi, hasa kukiwa na unyevu, hutoa utando mweupe upande huo, nami bila kuuona nitabaki kukuuliza maswali. Kwa Gmail ya kawaida, viambatisho unavyotuma kwa barua moja visizidi MB 25 kwa jumla.

Siku tatu za kazi zikipita kimya, jibu juu ya barua ileile kwa mstari mmoja, ili maelezo ya mwanzo yabaki chini yake. Usikimbilie kuweka nakala kwa mkurugenzi. Kwa aliyezidiwa na kazi hiyo inasomeka kama mashtaka, na kabla ya kukujibu ataanza kujitetea.