Kabla Hujanunua Orodha ya Anwani za Barua Pepe

Dada mmoja mwenye kampuni ya utalii Arusha alifika ofisini kwetu na shida ambayo, kwa maelezo yake, haikuhusu matangazo hata kidogo. Wageni wake wa Ujerumani, watu aliokuwa akiandikiana nao kwa miezi mitatu, walikuwa wamenyamaza. Alituma bei ya safari ya Serengeti, kimya. Akatuma ankara ya malipo ya awali, kimya. Mwishowe mgeni mmoja akampigia kwa WhatsApp kumwuliza kwa nini amewatelekeza. Barua zote zilikuwa zimefika, lakini zimeangukia kwenye kisanduku cha barua taka, na yule mgeni hakuwa na sababu ya kwenda kuchungulia huko.

Tulimwuliza maswali ya kawaida. Umehamisha tovuti? Hapana. Kuna aliyeiba nywila? Hapana. Umetuma barua nyingi kwa mkupuo hivi karibuni? Hapo akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, kuna ile ofa ya msimu wa nyumbu." Wiki chache nyuma kijana mmoja alikuwa amemwuzia faili la Excel lenye anwani elfu 20 za watu walioitwa wapenda safari wa Ulaya na Marekani. Aliituma ofa kwa wote usiku mmoja. Waliomjibu ni wanne, na watatu kati yao walitaka kujua anwani zao amezitoa wapi.

Kazi yangu ni kushauri biashara ndogo kuhusu mawasiliano ya mtandaoni, na kisa hiki ninakutana nacho mara kwa mara, kwa sura tofauti: hoteli ya ufukweni, kituo cha mafunzo, muuza vipuri. Karibu wote wanaamini kwamba orodha ikishindwa, kilichopotea ni ile fedha waliyolipa. Hiyo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba anwani iliyotuma tangazo ndiyo hiyo hiyo inayotuma bei, ankara na tiketi. Ikichafuka, barua zako halali nazo zinaacha kufika, tena bila mtu yeyote kukuambia.

Inakuwaje? Jina la kikoa chako, yaani yale maneno yanayofuata alama ya @, lina sifa yake mbele ya Gmail, Yahoo na Outlook. Fikiria mwanachama wa kikoba. Hakuna cheti kinachosema huyu ni mwaminifu, lakini wenzake wanakumbuka nani hurejesha mkopo kwa wakati na nani hukimbia. Mifumo ya barua pepe nayo inakumbuka. Inatazama barua zako ngapi zimeenda kwa anwani ambazo hazipo, ngapi zimefunguliwa, ngapi zimefutwa bila kusomwa, na zaidi ya yote, wangapi wamebonyeza kitufe cha kuripoti barua taka.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wameweka masharti ya wazi kwa wanaotuma barua kwa wingi, na kwa Google wingi huo unaanzia barua 5,000 kwa siku kwenda kwa watumiaji wa Gmail. Lazima uwe na SPF, DKIM na DMARC, ambavyo ni viingizo kwenye mipangilio ya kikoa chako vinavyothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Lazima barua ya matangazo iwe na njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja. Na kiwango cha malalamiko kibaki chini ya asilimia 0.1, kisifike kamwe asilimia 0.3. Piga hesabu hapo. Katika barua 5,000, asilimia 0.3 ni watu 15. Watu 15 wakikasirika kuandikiwa na kampuni wasiyoijua, umeshafika mpaka usiotakiwa kufikiwa. Orodha ya kununua, ambayo kila aliyemo hakujui, inawapata hao 15 kabla ya chai ya saa nne.

Wapo mafundi wanaowaambia wateja kwamba ukiweka SPF na DKIM vizuri utatuma unachotaka. Si kweli. Vitu hivyo ni kama kitambulisho. Vinathibitisha wewe ni nani, basi. Ukisumbua watu ukiwa na kitambulisho kifuani, kinachothibitika ni kwamba msumbufu ni wewe.

Halafu kuna mitego, na hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu wauzaji wa orodha hawalitaji. Mashirika yanayopambana na barua taka yanamiliki anwani ambazo hazina mtu nyuma yake. Baadhi hazikuwahi kuwa za mtu yeyote. Zimefichwa ndani ya kurasa za wavuti, jicho la binadamu halizioni, ila programu zinazokwangua anwani mtandaoni huzikusanya pamoja na nyingine. Anwani hiyo haikujiandikisha popote wala haikumpa mtu ruhusa, kwa hiyo barua yoyote inayoifikia ni ushahidi kwamba mtumaji ametumia anwani zilizokwanguliwa. Aina ya pili ni anwani zilizokuwa za watu wakaziacha. Mwenye huduma anazifunga, kwa muda barua zote zinarudi kwa mtumaji na jibu kwamba anwani haipo, kisha anwani inafufuliwa kama mtego. Anayewasiliana na wateja wake kwa kawaida angekuwa amekwisha kuifuta kipindi barua zilipokuwa zinarudi. Anayetumia orodha kuukuu anaingia moja kwa moja.

Ndiyo maana sishauri mtu kununua orodha halafu kuipitisha kwenye huduma za kuhakiki anwani. Huduma hizo hukuondolea anwani zilizokufa. Mtego uko hai na unapokea barua vizuri, na mhakiki hana namna ya uhakika ya kuutofautisha na anwani ya mtu. Wala hawezi kukuambia kama mwenye anwani aliwahi kukubali kuandikiwa na wewe.

Ukinaswa, unaweza kuingizwa kwenye orodha nyeusi. Inayojulikana zaidi ni ya Spamhaus, shirika lililoanzishwa mwaka 1998, ambalo orodha zake zinatumiwa na seva za barua pepe dunia nzima kuamua barua ipi ipokelewe. Hapa kuna jambo linaloniuma. Biashara zetu nyingi ndogo zinapangisha nafasi kwenye seva moja pamoja na wenzao wengi, kwa sababu ndiyo bei wanayoimudu. Seva ikiorodheshwa, jirani ambaye hajawahi kutuma tangazo lolote naye anafungiwa. Nimeona zahanati ikishindwa kutuma majibu ya vipimo kwa sababu ya tangazo la mtu mwingine kabisa. Na mtu akikwambia umlipe akutoe kwenye orodha ya Spamhaus, mkatalie. Spamhaus hawatozi fedha kwa kuondoa jina, wanachotaka ni tatizo lenyewe liwe limekwisha.

Sasa tujiulize orodha hizi zinatoka wapi. Nyingine zimekwanguliwa mtandaoni kama nilivyoeleza. Nyingine zinatokana na uvujaji wa taarifa za kampuni zilizodukuliwa. Na nyingine zinatoka karibu sana na sisi: daftari la wageni pale mapokezi, karatasi ya mahudhurio ya semina, mfanyakazi aliyeacha kazi hotelini akaondoka na faili kwenye flashi. Muuzaji atakwambia wote waliomo "wamekubali". Wamemkubali nani? Ruhusa anapewa aliyeomba, kwa shughuli aliyoitaja. Mgeni aliyeiachia hoteli anwani yake ili apate risiti hakumruhusu muuza safari wa mji mwingine amwandikie. Ruhusa haiuzwi kwa kilo kama mahindi.

Sheria inasema vivyo hivyo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyozinduliwa Aprili 2024. Anwani ya barua pepe ya mtu ni taarifa binafsi. Inakusanywa kwa lengo ambalo mhusika amelifahamu, na mhusika ana haki ya kuzuia isitumike kumtangazia biashara. Kutoa taarifa za watu kinyume cha sheria ni kosa la jinai: mtu binafsi anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10, na kwa kampuni faini inaweza kufika shilingi bilioni 5.

Kenya wanayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na huko hata tangazo la kuuza data iliyopatikana isivyo halali linahesabiwa kuwa ni kuiweka sokoni iuzwe. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data haikuishia kwenye maneno. Septemba 2023 iliitoza faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, wenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na namba za simu ilizopata kwa watu wengine kupiga simu na kutuma ujumbe wa vitisho. Na kwa wanaolenga wageni wa Ulaya, sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018, inamgusa hata aliyeko Arusha au Nungwi ikiwa anawauzia huduma watu walioko Umoja wa Ulaya.

Wengine huniuliza, je, nikianza na barua ya kuomba tu ruhusa? Kampuni ya Honda Motor Europe ilituma barua pepe 289,790 kuwauliza watu kama wangependa kupata habari zake. Mwaka 2017 ofisi ya Kamishna wa Habari ya Uingereza iliitoza faini ya pauni 13,000, kwa kuwa haikuweza kuthibitisha ruhusa, na barua ya kuomba ruhusa ya matangazo nayo ilihesabiwa kuwa tangazo.

Kama umeshanunua na umeshatuma, fanya tulivyofanya na yule dada. Tulisimamisha matangazo yote siku hiyo hiyo na kulifuta faili, nakala zote, pamoja na ile iliyokuwa kwenye simu ya msaidizi wake. Tuliweka SPF, DKIM na DMARC, kisha tukakiandikisha kikoa chake kwenye Postmaster Tools ya Google, huduma ya bure inayokuonyesha malalamiko unayopata kwa watumiaji wa Gmail. Wageni wenye safari zilizokaribia aliwapigia simu mmoja mmoja, akawaomba waitoe barua yake kwenye barua taka na wamjibu hata kwa neno moja, maana majibu ya kweli ndiyo yanayorudisha sifa. Tulimsihi asihamie anwani mpya ya bure kutuma ankara. Mteja akizoea kupokea namba ya akaunti ya benki kutoka anwani yoyote ile, tapeli naye atamwandikia na ataaminiwa.

Zilipita wiki kadhaa kabla barua hazijaanza kukaa mahali pake. Katika muda huo alipoteza safari mbili.

Orodha yake ya sasa ameianzisha upya kwa fomu ya karatasi anayompa mgeni siku ya mwisho, wakiwa njiani kurudi uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Ina mstari mmoja wa kujaza kwa hiari: ningependa kupata habari zenu mara mbili kwa mwaka. Wapo wanaoandika na wapo wanaouacha wazi. Anayeandika hutumiwa kwanza barua fupi ya kuthibitisha, na asipoithibitisha haingizwi. Mara ya mwisho nilipomwuliza, orodha ilikuwa haijafika majina 200, na barua ya kwanza aliyowatumia, kuhusu mvua zilizochelewa na nyumbu waliobaki Ndutu, wengi wao waliijibu.