Kabla ya kuwasha moto porini kiangazi hiki: maelezo kwa umma

Tangu mvua zikatike, malalamiko yanayofika ofisini kwetu, wakaguzi wa misitu hapa Lubumbashi, yanafanana. Shamba la mihogo limeungua, mizinga ya nyuki imeungua, na aliyewasha anajitetea kwamba walikuwa wanafundishana kuwasha moto. Maskauti, vijana wa parokia, familia zinazokwenda kutembea kwenye maporomoko ya Kiubo, wote wanataka ujuzi huo. Ni ujuzi mzuri na hatuwalaumu, ila wengi wanajifunza nusu yake.

Kuwasha ndiyo nusu nyepesi. Mwezi wa Julai, nyasi za miombo yetu zinashika kwa njiti moja. Anayetaka kujipima bila kiberiti, basi apekeche: ubao wa mti laini uliokauka, wenye pengo ukingoni ili unga mweusi udondokee hapo, na kijiti kilichonyooka juu yake. Kuni za kulala chini zina unyevu. Chukua tawi lililokaukia juu ya mti, linalovunjika kwa mlio. Unga ukiendelea kutoa moshi baada ya mikono kuacha, kaa limezaliwa. Lihamishie kwenye kifungu cha nyuzi za gome, upulize taratibu. Mengine mnayajua, kila nyumba ina mbabula, jiko la makaa.

Kumbe pori si mbabula. Kwanza safisha duara la mita tatu hivi, si kwa kufagia majani tu, bali mpaka udongo mtupu uonekane. Tazama pia juu: matawi yanayoning'inia yanashika. Ukiwa kwenye dembo, yaani bonde la nyasi lenye majimaji, hama. Udongo wake mweusi una mizizi iliyooza, na moto unaweza kutambaa chini kwa siku nyingi bila mtu kuuona. Washa asubuhi, saa sita mchana upepo wa kusini-mashariki umekwisha kuamka. Na maji yawepo kabla ya kiberiti kutoka mfukoni.

Hapa niseme wazi, kwa sababu kila mwaka tunarudia: mchanga hauzimi makala, yaani makaa. Wachoma makala wenyewe hufunika tanuru kwa udongo ili kuni ziive polepole ndani. Iweje wewe ufunike moto kwa mchanga na kuuita umezimika? Mwaga maji, koroga, mwaga tena, kisha weka mgongo wa mkono juu ya majivu. Kukiwa na joto, hujamaliza.

Wengine wanatuambia kwamba pori limezoea moto, eti linaota tena. Tarehe ni jambo kubwa hapo. Karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka kule Zambia, viwanja vya majaribio vilianza kuchomwa miaka ya 1930: vingine mapema kiangazi, vingine mwishoni, vingine vikalindwa kabisa. Vilivyolindwa vilifunga msitu. Vilivyochomwa mwishoni vilielekea kuwa nyasi. Sababu si uchawi. Moto wa Mei au Juni unakuta nyasi bado zina maji. Ule wa Septemba na Oktoba unakuta kila kitu kimekauka, huku miti ikiwa imetoa majani mapya mekundu kabla ya mvua. Unachoma machipukizi, halafu Desemba unauliza vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, vimekwenda wapi. Na wanaosema moshi unaleta mvua: hauleti, tafadhali.

Sasa upande wa sheria. Kanuni ya Misitu, yaani sheria namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, ndiyo tunayofanyia kazi. Mkaguzi aliyekula kiapo anaandika P.V., yaani hati rasmi ya kosa: jina lako, mahali, saa, kilichoungua, waliokuwepo. Unasomewa, unatia sahihi. Ukikataa kutia sahihi, kukataa kwako kunaandikwa na P.V. inaendelea na safari yake kuelekea parke, ofisi ya waendesha mashtaka; wanaodhani kukataa kunaifuta wanajichosha bure. Mbali na adhabu ya Kanuni ya Misitu kuna fidia. Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Kiraia, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 258, kinamlazimu aliyeharibu kulipa; cha 259 kinamfuata hata aliyeharibu kwa uzembe, kwa hiyo "sikukusudia" haitoshi. Cha 260 kinawahusu wazazi kwa watoto wao wadogo, na walimu kwa wanafunzi walio chini ya uangalizi wao. Viongozi wa vikundi vya vijana wakisome hicho mara mbili.

Kabla ya kutoka mjini, mjulishe shefu wa kijiji unakokwenda. Maporomoko ya Lofoi yamo ndani ya mbuga ya Kundelungu, kwa hiyo huko ruhusa ya shefu haitoshi, waulize kwanza ICCN, taasisi ya taifa inayosimamia mbuga. Moto ukikutoroka, ita watu mara moja, waondoeni watoto kwenye upande ambako upepo unaelekea, na baki karibu mpaka mkaguzi afike. Aliyekimbia tunamwandika kuwa alikimbia. Aliyebaki akapambana na moto, hilo nalo linaandikwa. Faini yoyote inalipwa kwa risiti. Ukidaiwa fedha mkononi pale porini, usitoe. Njoo ofisini na jina la aliyekudai.