Pikipiki inazima ikipandisha mlima kwenye tope? Fungua kifuniko cha tenki kabla hujafungua injini

Masika yakianza tu gereji yangu hapa Ngamiani, Tanga mjini, inajaa pikipiki za kutoka juu kwenye milima ya Usambara, yaani Amani, Kwamkoro, Bulwa na vijiji vya pembeni, na malalamiko ni yale yale, fundi inakosa nguvu, fundi inazima kwenye kilima, fundi mjini iko poa ila huko kwetu inanitesa. Leo nataka niieleze hii kitu vizuri mana naona vijana wanaingia hasara ya klachi, pistoni, mpaka kabureta mpya, kwa tatizo ambalo mara nyingi limeanzia sehemu ambayo hakuna mtu anaiangalia.

Cha kwanza kabisa, pikipiki inayosumbua mlimani haitestiwi mjini. Tanga mjini ni tambarare, ukitoka Ngamiani mpaka Raskazone ukarudi kwa kupitia Chumbageni hujapanda mlima wowote wa maana, resi umefungua robo tu, unasimama simama, ukishika gia ya tatu upepo unapiga injini vizuri, sasa ubovu utajitokeza saa ngapi? Fundi anayepiga raundi mbili lami akasema imepona anakuwa ametesti pikipiki nyingine kabisa, sio ile mteja anayoiendesha kwake. Mimi ikija ya namna hiyo naomba hela ya mafuta naipeleka kule kule inakozimia, na naipeleka na mzigo.

Kwa asiyeijua hiyo njia, kutoka Muheza mpaka Amani ni kama kilomita 35, unaanzia chini kwenye michungwa unaishia kama mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mvua kule ni nyingi, kwa mwaka inakaribia milimita 2,000, na udongo ni mwekundu wa mfinyanzi, ule ambao ukilowa unanata kwenye tairi unajaa mpaka juu kwenye madigadi, gurudumu la mbele linagoma kuzunguka unabaki unalisukuma kwa miguu. Ukishapita geti la hifadhi pale Sigi ndo kona zenyewe zinaanza, na hapo pikipiki iko gia namba moja, resi wazi, mwendo wa mtu anayetembea. Injini ya kupozwa kwa upepo inafanya kazi yote hiyo huku upepo wenyewe haupo, na mapezi yake ya kupozea yamejaa tope. Hakuna sehemu nzuri ya kutesti kuliko hiyo.

Sasa nije kwenye pikipiki yenyewe. Ni ya cc 150, ya kabureta, mwenye nayo kijana anashusha iliki na ndizi kutoka juu. Alishaipeleka gereji nyingine huko huko njiani, wakambadilishia pleti za klachi, plagi, wakaosha kabureta, hela ikaisha na pikipiki ikaendelea kuzima.

"Shikamoo fundi. Mjini hapa inaenda vizuri kweli, ila nikishapita Sigi kidogo tu inanifia."

"Marahaba mdogo wangu. Ikifa ukiiacha inawaka tena?"

"Inawaka. Naiacha ipoe, nikipiga kiki inashika, naenda mbele kidogo inakufa tena. Wameniambia inachemka."

"Unajaza mafuta wapi?"

"Muheza, fulu tenki, juu huko petroli ni ya chupa siiamini."

Hilo jibu la mwisho lilinifanya niache kuifikiria klachi, nitaeleza mbele kwa nini. Nikamwambia tunaenda wote, yeye akae nyuma na gunia lake, mana nikienda peke yangu ni kama sijaenda.

Tumefika Muheza tukajaza, tukapita Kisiwani mvua inanyesha, Sigi, tukaanza kona. Mwanzo iko sawa. Halafu ukiwa umefungua resi yote unasikia sauti inaanza kuwa nyembamba, nguvu inapungua taratibu, sio kwa kukata ghafla, inakohoa kwenye silensa kama mara mbili tatu, kimya. Hiyo namna ya kufa ndo ya kuisikiliza kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Moto ukikatika, labda koili au waya umelowa, mara nyingi inakata ghafla tu au inamisi hovyo hovyo. Petroli ikikosekana inafifia. Na injini iliyochemka kweli haiponi kwa kuiacha dakika mbili, bado ukisogeza mkono utasikia joto lake na harufu ya oili kuungua.

Pale pale kwenye tope nikafungua plagi. Kavu. Haina harufu ya petroli hata kidogo. Nikaigusisha kwenye chuma cha injini, mbali na lile tundu lake, kijana akapiga kiki, cheche ya bluu safi. Kwa hiyo moto upo, chakula ndo hakuna. Ingekuwa imelowa ningetafuta upande mwingine, imefurika au moto ni dhaifu, ila kavu inamaanisha petroli haifiki.

Chini ya kibakuli cha kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Nikakinga chupa ya maji tupu (kinga chupa siku zote, usimwage chini, silensa ni ya moto na ndo ajali zinavyotokea), nikalegeza skrubu huku koki ya petroli chini ya tenki iko wazi. Ikatoka petroli kidogo ile iliyobaki, ikawa uzi, uzi ukawa matone, matone yakasimama. Tenki limejaa mpaka juu, koki iko wazi, na hakuna kinachoshuka. Nikamwambia kijana fungua kifuniko cha tenki taratibu usikilize. Kikavuta hewa, fsssss, na wakati huo huo petroli ikaanza kumwagika kwenye chupa kama bomba. Akabaki ananiangalia.

Ni hivi. Petroli kutoka kwenye tenki kwenda kwenye kabureta haisukumwi na pampu kwenye hizi pikipiki, inashuka kwa uzito wake tu, na kila inaposhuka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Ukitoboa kopo la maziwa tundu moja maziwa yanatoka kidogo yanagoma, ukitoboa la pili yanamwagika, ndo kitu hicho hicho. Tundu la pili la tenki liko kwenye kifuniko, ni kadogo sana, kanapita kwa kuzunguka zunguka ili maji yasiingie. Kakiziba, ndani ya tenki presha inashuka, hewa ya nje inabaki inaishikilia petroli isishuke.

Na haihitaji kuziba muda mrefu. Petroli ikiwa na kimo cha sentimita 30 juu ya kabureta, msukumo wake wote ni kama asilimia 2 tu ya presha ya kawaida ya hewa. Yaani presha ndani ya tenki ikipungua kiasi hicho, imekwisha. Sasa angalia, tenki likiwa limejaa nafasi ya hewa juu ni ndogo, labda lita moja au pungufu, na hewa ya lita moja ukitaka ipungue presha asilimia 2 unatakiwa utoe petroli kama mililita 20 tu, vijiko vinne vya chai. Tenki likiwa nusu, hewa ni nyingi, unaenda mbali zaidi kabla haijagoma. Ndo maana nilimuuliza anajaza wapi. Mtu anajaza fulu tenki inazima, anasema haiwezi kuwa mafuta mana nimejaza sasa hivi, kumbe kule kujaza ndo kumeharakisha.

Kwa nini mjini haizimi? Kwanza hutumii petroli kwa kasi, hewa kidogo inayopenya pembeni ya mpira wa kifuniko inatosha. Pili jua. Tenki likipigwa na jua la Tanga mvuke wa petroli unajaa unasukuma, presha inapanda badala ya kushuka, na ukiegesha juani muda mrefu unaweza ukakuta mpaka kabureta inafurika. Ukipanda mlimani mvua ya baridi ikalipiga tenki, ule mvuke unasinyaa, presha inashuka hata kabla hujachoma petroli yoyote. Vyote vinakuja kwa pamoja kwenye kona zile, kiu ya injini, tenki lililojaa, baridi. Na ukisimama dakika chache hewa inapenya pole pole, presha inarudi, inawaka, wewe unasema imepoa.

Nikakigeuza kile kifuniko. Chini kwenye ule mpira wa duara kulikuwa na kipande kingine cheusi, kimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye tyubu ya tairi, kingo zake zimepinda pinda, kimebandikwa kufunika kifuniko chote mpaka katikati kwenye tundu. Kijana akasema petroli ilikuwa inamchuruzikia mapajani akishuka kilima na mtu mmoja akamsaidia kuziba. Nia ilikuwa nzuri, petroli mapajani sio mchezo, ila mpira ukichoka unanunua mpira wa kifuniko au kifuniko kizima, na kama huna budi ukate wa tyubu basi ukate pete, katikati pawe wazi. Nimewahi kukuta wengine wameweka nailoni ili mvua isiingie, hao ndo inawaua mapema zaidi.

Tukatoa kile kipande, tundu nikalizibua kwa waya mwembamba wa ndani ya kebo, nikalipuliza kwa mdomo mpaka nikasikia hewa inapita. Tukapanda mpaka Amani na mzigo wetu bila kuzima.

Kuna sehemu nyingine za kupumulia ambazo tope linaziziba, nizitaje haraka. Kabureta ina mpira mwembamba wa hewa ya kibakuli, kwenye pikipiki nyingi unaning'inia chini pembeni ya injini, ukizama kwenye dimbwi au ncha ikijaa udongo dalili zinafanana sana na hizi za tenki, tofauti ni kwamba ukifungua kifuniko hakuna mabadiliko yoyote. Mimi kwa pikipiki za juu huwa naupandisha ncha yake mpaka chini ya siti kunakokaa pakavu, hakikisha haujapinda njiani. Ila usichanganye na ule wa kumwagia petroli ya ziada, huo uache uelekee chini. Filta ya hewa ikilowa nayo inakaba, lakini hapo plagi itakuwa nyeusi ya masizi, sio kavu nyeupe. Na kwenye mita 900 hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 8 ukilinganisha na Tanga mjini, kwa hiyo plagi kuwa nyeusi kidogo na nguvu kupungua kidogo ni kawaida, usikimbilie kubadilisha jeti (kale katundu ka kupimia petroli ndani ya kabureta) kwa sababu hiyo, ukibadilisha akirudi mjini mchanganyiko unakuwa na petroli pungufu na injini inapata moto kweli.

Sasa klachi. Yule kijana alikuwa anaambiwa klachi ndo mbovu na kweli tulipoifungua tukiwa gereji zile pleti mpya zilikuwa zimeshang'aa na kuungua, yaani za muda mfupi tu. Lakini ziliungua kwa sababu injini haina nguvu, na dereva wa pikipiki isiyo na nguvu kwenye tope anafanya nini? Anashika klachi nusu, anapandisha resi, anasukuma kwa miguu, kona mpaka kona. Pleti zinasuguana badala ya kushikana, oili inapata moto, na klachi ya hizi pikipiki inaoga oili hiyo hiyo ya injini. Tena alikuwa anaweka oili ya gari. Oili nyingi za magari madogo za kisasa zimewekewa dawa ya kupunguza msuguano ili gari linywe mafuta kidogo, sasa klachi inayoishi ndani ya oili inataka msuguano. Angalia kwenye dumu pameandikwa JASO MA au MA2, hiyo ni ya klachi ya namna hii, ukiona MB hiyo ni ya skuta za mkanda, iache. Nikamwekea pleti, oili mpya, na levo nikaiachia uchezaji wa milimita 10 mpaka 20 kwenye ncha, mana waya ukikazwa sana klachi inakuwa imeshikwa kidogo muda wote hata kama hujaigusa.

Nyinyi wenye pikipiki za EFI, zile zisizo na kabureta, petroli inapulizwa kwa umeme, na nyinyi mna kifuniko chenye tundu. Kwenu kuna pampu ndani ya tenki kwa hiyo itavumilia zaidi kabla haijagoma, ila ikianza kufifia kwenye kilima simama, fungua kifuniko, sikiliza kama kinavuta hewa. Msilegeze mpira wa petroli kujaribu kile nilichofanya kwenye kabureta, ule una presha, utarusha petroli kwenye injini ya moto. Kifuniko tu kinatosha kukupa jibu.