Shamba la wazi ni nini? Mfano wa kijiji cha Laxton

Shamba la wazi ni uwanda mmoja mkubwa wa kilimo, usio na ua wala ukuta ndani yake, uliogawanywa ngwe kwa ngwe kati ya wakulima wengi. Ngwe za mkulima mmoja hazikai pamoja: moja iko bondeni, nyingine mwinukoni, katikati ni za majirani. Hivyo kila mtu hupata sehemu ya udongo mzuri na sehemu ya mbaya. Sehemu kubwa ya Uingereza ya kati ililimwa namna hii tangu Enzi za Kati. Leo utaratibu huo unaonekana vizuri zaidi Laxton, kijiji kidogo cha Nottinghamshire.

Umbo la ngwe lilitokana na maksai. Plau nzito hugeuzwa kwa taabu, kwa hiyo mfuo ulivutwa mrefu, kama yadi 220, ndipo wanyama wapumzishwe. Urefu huo kwa upana wa yadi 22 ndio ekari, iliyohesabiwa kuwa kazi ya plau ya siku moja. Ekari hii hii tunayoipima kwa hatua 70 kwa 70 ilianza ikiwa ndefu na nyembamba.

Laxton ina mashamba matatu ya aina hiyo: South Field, Mill Field na West Field. Moja hupandwa ngano kabla ya baridi kali, la pili hupandwa baridi ikiisha, kwa mfano shayiri, na la tatu hupumzishwa au huachiwa majani ya mifugo. Mwaka ukigeuka, zamu nazo hugeuka. Hapa mkulima hawezi kujiamulia peke yake. Zamani mavuno yakiisha mifugo ya kijiji iliingizwa kula mabua, na aliyechelewa kuvuna aliliwa mazao yake.

Lakini kukosekana kwa ua si kiini cha jambo. Kinachoushikilia utaratibu huu ni baraza la kijiji liitwalo Court Leet. Mwishoni mwa Novemba jopo la wakulima hulizunguka shamba lililopandwa ngano mwaka huo, wakiwa na vigingi na nyundo. Hupima mipaka, hupigilia vigingi vipya palipong'oka vya zamani, hukagua mitaro. Kosa la kawaida ni plau kula njia au ukanda wa majani wa pamoja. Ni mfuo mmoja tu mwaka huu, lakini usiporudishwa mwakani huwa miwili, na mwishowe njia haipitiki. Baada ya wiki moja baraza hukaa Dovecote Inn, baa ya kijiji, hutoza faini na kuteua jopo la mwaka unaofuata. Faini ni ndogo mno, ila kutajwa mbele ya majirani kunauma.

Kwingineko mashamba haya yalizungushiwa ua na kumilikiwa na mtu mmoja mmoja. Kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kufanya hivyo. Laxton nayo ilipoteza sehemu, na mwanzoni mwa karne ya 20 ngwe zilizobaki ziliunganishwa zikawa chache na pana zaidi. Mwaka 1952 wizara ya kilimo ilikinunua kijiji ili kukilinda, mwaka 1981 kikaenda kwa Crown Estate, shirika linalosimamia ardhi ya Taji la Uingereza, na mwaka 2020 kwa Thoresby Estate, milki binafsi ya jirani.

Anayetembelea aanzie Dovecote Inn, penye kituo cha wageni. Karibu na hapo lipo kanisa la Mtakatifu Mikaeli, zizi la kufungia mifugo iliyopotea, na kaskazini kilima cha ngome ya Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa. Ramani ya mpima ardhi Mark Pierce ya 1635, inayoonyesha ngwe moja moja, imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Na asishangae kuona viwanja vyenye ua pembeni: wakulima hulima hivyo pia, kwa sababu ngwe peke yake hazitoshi kuendesha shamba la leo.