Mshipa Upi? Kusomea Anatomia ya Binadamu, na Kusomea Kuifundisha

Kila nikienda nyumbani likizo lazima nipate wagonjwa wawili watatu barazani, japo nimewaambia mara nyingi kwamba siku hizi mimi sitibu watu. Mara ya mwisho alikuwa mama mdogo. Alinyoosha mkono wa kulia na kuniambia, "Mwanangu, mshipa wa huku umeharibika. Usiku vidole vinakufa ganzi mpaka naamka kuukung'uta." Nikamuuliza, mshipa upi? Akanitazama kama niliyekosa adabu. Mshipa si mshipa tu?

Kiswahili hakina umaskini wa maneno ya mwili. Tuna kongosho, wengu, muundi, mtulinga, kinena, gegedu. Lakini kwenye neno mshipa tumerundika vitu vinne visivyohusiana: ateri inayotoa damu kwenye moyo, vena inayoirudisha, neva inayobeba taarifa na amri, na kano inayounganisha msuli na mfupa. Wapo wanaoliongezea na ngiri. Katika mazungumzo ya barazani hakuna anayedhurika. Anayedhurika ni mgonjwa ambaye daktari wake naye anaona "mishipa" tu. Wapo watu wanaosoma miaka mingine baada ya shahada ya kwanza ili wamfundishe daktari huyo kuvitenganisha. Hao, walimu wa anatomia, yaani elimu ya umbo na viungo vya mwili, ndio ninaotaka kueleza habari zao hapa, kwa sababu hata ndani ya hospitali si wote wanaojua kwamba wapo.

Tuanze na mkono wako mwenyewe. Geuza kiganja kiangalie juu, gusanisha ncha ya gumba na ncha ya kidole kidogo, kisha kunja kifundo cha mkono kidogo kuelekea kwako. Katikati ya kifundo huenda ikajitokeza kamba nyembamba chini ya ngozi. Hiyo ni kano ya msuli ambao kwa Kilatini huitwa palmaris longus; sisi meza ya maabara tunauita palmarisi, yaishe. Kama haikujitokeza, usiogope. Wapo watu waliozaliwa bila msuli huo na wanalima, wanafua na kucheza bao kama wengine. Sasa jambo lenyewe: chini kidogo ya kamba hiyo, kuelekea upande wa gumba, inapita neva ya kati. Hiyo ndiyo inayokupa hisia kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, na ndiyo inayoliwezesha gumba kwenda kukutana na vidole vingine. Kutoka kwenye ngozi mpaka kwenye neva hiyo ni milimita chache tu.

Mtu akijikata hapo kwa kioo cha dirisha au chupa, daktari aliye zamu saa nane usiku anakuta ncha nyeupe zimejificha ndani ya damu. Kosa moja ni la zamani kiasi kwamba limeingia kwenye mafunzo ya upasuaji wa mkono: kushona ncha ya neva kwenye ncha ya kano. Jeraha linapona vizuri, nyuzi zinatolewa, na mgonjwa anarudi miezi baadaye hawezi kufunga kifungo cha shati. Tofauti ipo kwa aliyefundishwa kuiona. Kano inang'aa na ukiivuta kuna kidole au kifundo kitakachoitika. Neva imefifia kuelekea manjano, ina kamshipa kadogo ka damu kanakotambaa juu yake, na ukiitazama ilipokatika utaona ni fungu la nyuzi. (Ukikatwa kifundoni na ncha za vidole zikawa hazina hisia, mwambie daktari kabla hajachoma sindano ya ganzi. Baada ya hapo hakuna atakayejua.)

Shahada ya uzamili ya anatomia, katika vyuo vya ukanda wetu, huchukua kwa kawaida miaka miwili. Wengi wanaoingia ni madaktari. Kutegemea masharti ya chuo, wapo pia waliotoka udaktari wa meno, fiziotherapia au baiolojia. Mwanafunzi anarudi kwenye vitu alivyovipitia mbio mwaka wa kwanza wa udaktari, safari hii bila mtu wa kumkatia. Anapasua mwili mzima mwenyewe, tabaka kwa tabaka. Anasoma histolojia, elimu ya tishu zinazotazamwa kwa hadubini, ambako kipande cha kiungo huzamishwa kwenye nta na kukatwa unene wa mikromita 5 hivi, mara kumi au zaidi wembamba kuliko unywele, kisha kupakwa rangi. Na rangi kuu ya zambarau, hematoksilini, asili yake ni mti wa Amerika ya Kati. Anasoma ubongo na uti wa mgongo. Na anasoma embriolojia, somo la jinsi mtoto anavyoumbika tumboni, ambalo wanafunzi wengi hulichukia mpaka wakutane na mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga takriban siku ya 28 tangu mimba itungwe, wakati ambao mama wengi hata hawajajua kama ni wajawazito. Foliki asidi, vitamini inayosaidia mrija huo ufunge, ikianza kutolewa kliniki mwezi wa nne, kwa kazi hiyo mahususi imeshachelewa. Ndiyo sababu inaongezwa kwenye unga.

Halafu kuna utafiti. Hapo naulizwa swali lilelile na kila mtu, wakiwemo maprofesa wa fani nyingine: mwili wa mtu si ulishamalizwa kuchorwa? Rudi kwenye palmarisi. Vitabu vya Ulaya na Marekani tulivyosomea vinasema inakosekana kwa watu 15 hivi kati ya 100. Utafiti uliochapishwa Zimbabwe mwaka 2009 ulikuta ni 1.5 kwa 100, na wa hospitali ya Mulago, Uganda, mwaka 2011 ukakuta 4.4. Tofauti hiyo ina maana kwa daktari anayetafuta kano ya kupandikiza mahali pengine, kwa kuwa palmarisi ndiyo kipuri chake cha kwanza. Sasa chukua mishipa ya damu ya figo, au ateri ya mfuko wa nyongo, au urefu wa mfupa wa paja unaotumika kukadiria kimo cha maiti isiyotambuliwa. Vipimo tulivyovikariri vilichukuliwa kwa watu wa kwingine. Mwanafunzi wa uzamili mwenye rula, subira na ruhusa ya kamati ya maadili ana kazi ya maisha.

Miili inatoka wapi? Hili halistahili kuzungukwa. Katika nchi nyingi za Afrika, miili mingi inayotumika kufundishia ni ya watu waliofia hospitalini bila ndugu kujitokeza, kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Afrika Kusini imepiga hatua kwa watu wanaojitolea wenyewe wakiwa hai, na mwaka 2012 shirikisho la kimataifa la vyama vya wanaanatomia lilitoa mapendekezo kwamba kujitolea ndiko kuwe msingi. Mimi nakubaliana nalo, ingawa najua linavyogongana na mila zetu za mazishi na imani za dini. Waislamu wengi wataikumbuka hadithi ya Mtume kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Mazungumzo hayo hayataanza kama wanaanatomia tutaendelea kujifungia. Mahali palipokosekana utaratibu, historia imeonyesha yanayotokea: Edinburgh, Uskoti, mwaka 1828, wanaume wawili, Burke na Hare, waliua watu 16 na kuwauzia maiti mwalimu wa anatomia. Uingereza ikapata sheria ya anatomia mwaka 1832.

Kwa hiyo siku ya kwanza maabarani hakuna kisu. Tunasimama kimya, tunaeleza kwamba huyu alikuwa mtu, simu zinabaki nje, na kila kinachotolewa kwenye mwili kinahifadhiwa kwenye chombo cha mwili huohuo ili siku ya maziko uzikwe na vyake. Mwanafunzi wa uzamili anajifunza pia kuutayarisha: formalini, dawa ya kuzuia mwili usioze, inaingizwa kupitia ateri kubwa ya paja au ya shingo. Hapa mwalimu wake si profesa. Ni fundi wa maabara mwenye miaka yake ishirini kazini, ambaye anajua kwa kuugusa mkono tu kama dawa imefika. Formalini inachoma macho, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo feni na madirisha makubwa ya maabara si mapambo.

Lakini sehemu ya mafunzo haya ninayoipigia kelele kila kikao ni ya kufundisha. Tumezoea kudhani kwamba anayejua atafundisha, kama vile anayejua njia lazima awe dereva. Zamani Ulaya profesa wa anatomia alikaa kwenye kiti cha juu akisoma maandishi ya Galeni, tabibu wa kale wa Kigiriki, na chini yake kinyozi akapasua. Kinyozi hakujua Kilatini, profesa hakutazama mwili, na wanafunzi waliandika yaliyosomwa hata pale mwili ulipokuwa ukisema mengine. Galeni alikuwa amepasua nyani na wanyama wengine. Vesalius, mwalimu wa anatomia, aliteremka pale Padua, Italia, akashika kisu mwenyewe, na mwaka 1543, akiwa na miaka 28, akachapisha kitabu kilichosahihisha makosa mengi ya Galeni. Watu humsifu kwa masahihisho hayo. Mimi namsifu kwa kuteremka.

Mhadhara wangu wa kwanza ulikuwa wa kwapa. Baadaye nilihesabu kwenye slaidi zangu: majina 31 ndani ya dakika 50. Nilitoka nimejaa fahari. Wiki iliyofuata nikauliza swali moja jepesi kuhusu neva za pale na darasa zima likainamia madaftari.

Sasa wanafunzi wangu wa uzamili wanaanza na dakika kumi. Wenzao watano wanakaa mbele, simu inarekodi, mada ni ndogo, tuseme kifundo cha mkono. Masharti ni machache: vitu visizidi vitatu, swali kwa wasikilizaji liwe limetoka kabla ya dakika ya tatu, na upande wa kulia maana yake ni kulia kwa mwili, si kwa mwalimu wala ubaoni. Halafu tunaangalia rekodi. Hakuna adhabu inayoizidi hiyo. Kijana anagundua amefundisha dakika nne akiwa ameligeuzia darasa mgongo, au amesimama mahali ambapo walio upande wa miguu hawakuona chochote isipokuwa koti lake jeupe. Anarudia. Anajifunza kuchora kwa chaki za rangi, ateri nyekundu, vena bluu, neva manjano, akianza na mfupa na kuongeza tabaka moja moja huku wanafunzi wakichora naye, kwa sababu picha iliyokamilika kwenye skrini humfanya mtu aamini ameelewa. Meza za kidijitali ni nzuri na ningependa kila chuo kiwe nayo, ila ukipitisha kidole kwenye skrini hakuna kinachokupinga.

Anajifunza kutunga mtihani pia, na huo ni ufundi peke yake. Mtihani wetu wa vitendo una vituo: pini yenye uzi mwekundu imechomwa kwenye kitu, mwanafunzi anaandika jina na kazi yake, kengele inalia, anasogea. Mtungaji mgeni huchoma pini mahali ambapo yeye tu anajua ni nini. Tunamrudisha kwenye majibu baada ya mtihani: swali ambalo waliofanya vizuri kote wamelikosa na walioshindwa kote wamelipata, kosa ni la swali.

Lugha nayo ni mtihani mwingine. Mihadhara ni ya Kiingereza, majina ni ya Kilatini, lakini mezani, saa tano asubuhi, kila mtu ana glavu na ana njaa, maelezo yanateremka kwenye Kiswahili yenyewe. Niliwahi kuwakataza. Siku hizi naangalia tu kama neno limetoka sahihi. Kijana akisema "vuta mshipa huu," namuuliza kama nilivyomuuliza mama mdogo. Akirekebisha, "vuta kano hii," na mmoja wa mwaka wa kwanza akaivuta taratibu pale kwenye mkono, kidole cha yule marehemu hujikunja kidogo kuelekea kiganjani, na meza nzima hukaa kimya.

Ajira ipo. Shule za udaktari zimeongezeka sana tangu ile ya Dar es Salaam ifunguliwe mwaka 1963, na walimu wa anatomia hawajaongezeka kwa kasi hiyo. Daktari kijana anaona wenzake wana kliniki za jioni, huku hakuna mgonjwa wa kumlipa. Chuoni mtu huanza kama mkufunzi msaidizi, akipata uzamili anapanda kuwa mhadhiri msaidizi, na bila uzamivu hapandi mbali zaidi. Anayetaka utajiri wa haraka asije. Anayetaka kuja aende kwanza akaombe kukaa maabara wiki moja, na amuulize fundi, si profesa, kazi ikoje.

Mama mdogo nilimchorea kwenye karatasi ya sukari: mifupa minane midogo chini, utepe mgumu juu kama dari, na katikati kano tisa na neva moja wakigombea njia nyembamba. Njia ikivimba, anayelia wa kwanza ni neva. Nikamwambia aende hospitali apimwe na sukari pia. Alikwenda, akapewa kifaa cha kufunga mkono usiku, na ganzi imepungua. Sasa nasikia anawafundisha majirani kwamba mambo ya mshipa yamepitwa na wakati, ni neva. Wiki iliyopita goti lilimuuma, akanipigia simu kuniambia ni neva.