Kumuoa Mkenya hakukupi uraia siku ya harusi

Jamani naandika hii kwa sababu nimechoka kulirudia jambo moja. Kazi yangu ni kusaidia watu na makaratasi ya imigresheni hapa Malindi, na wanaokuja ofisini wengi ni dada zetu na waume zao Wataliano, wamekuja kwa jambo lingine kabisa, pengine mkataba wa nyumba, mimi nikiuliza pasi ya mzee, yani ile ruhusa yake ya kukaa nchini, yaisha lini naambiwa "ah, yeye hana shida, si tushaoana." Nikifungua paspoti nakuta stampu ilikwisha zamani, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeshtuka.

Basi tuanze na hilo la "si tushaoana" mana ndo linaloumiza watu.

Katiba kifungu cha 15 inasema mtu aliyeoana na raia kwa muda usiopungua miaka saba anastahili KUOMBA kuandikishwa raia. Yani miaka saba kwanza, halafu uombe, halafu wakukubali. Na sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 inaongeza masharti yake, ndoa iwe inatambulika Kenya, isiwe ya kutafutia makaratasi, na muwe mwaishi pamoja wakati wa kuomba. Hapo pa kuishi pamoja pasomeni tena nyinyi ambao mzee anakuja Disemba anaondoka Machi halafu mwahesabu mwaka mzima.

Kabla ya hiyo saba mtu anakaa kwa pasi, na pasi ina tarehe. Anaingia kwa eTA, ile ruhusa ya kusafiri ya kuombwa mtandaoni iliyochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024, anapigiwa stampu ya mgeni, kwa kawaida miezi mitatu, na anaweza kuomba kuongezewa mpaka ifike sita kwa jumla, basi, hiyo ni ya kutembea. Anayetaka kukaa kweli mkewe amuombee pasi ya mtegemezi, ama kama ni mstaafu mwenye pesheni aombe pamiti ya klasi K, umri kuanzia miaka 35 na kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka, na hiyo haimruhusu kuajiriwa. Ndoa ikifika miaka mitatu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Mimi wateja wangu nawasukuma hapo hapo, kwenye ukaazi wa kudumu, mana mzee wa miaka 68 anayetaka kuishi na mkewe Mambrui kwa amani hahitaji kupiga kura, anahitaji asiwe anahesabu siku. Lakini wengi hawaombi, wanangoja miaka saba ipite huku hawana pasi yoyote, wakidhani miaka ya kujificha nayo inawajengea haki. Kumbe ukija kuomba, kitu cha kwanza kuangaliwa ni ulikuwa waishi hapa kwa karatasi gani.

Hii dhana haikutoka hewani lakini. Katiba ya zamani ilimpa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mkenya haki ya kuandikishwa raia akiomba, bila kungojea miaka. Kwa hivo wale kina mama wa Kizungu wa zamani mnaowakumbuka, walioolewa huku pwani wakawa Wakenya haraka, ni kweli walipata, na walipata kisheria. Ila mwanamume wa kigeni aliyemuoa binti yetu hakupewa haki hiyo, yani mwanamke Mkenya alionekana hana uraia wa kumgawia mtu. Tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ikaanza kazi, mke na mume wakawa sawa, na wote wawili wakawekewa miaka saba. Watu wameshika ile ya zamani wakaiongezea na waume.

Sasa kufukuzwa. Kukaa nchini bila pasi ni kosa la jinai, faini hadi shilingi laki tano ama kifungo hadi miaka mitatu ama vyote viwili, na juu ya hapo waziri anaweza kutia saini amri ya kumtoa mtu nchini. Akitolewa hivo anahesabiwa mhamiaji aliyepigwa marufuku, harudi mpaka aruhusiwe. Cheti cha ndoa peke yake hakizuii hayo. Ndio, anaweza kukimbilia Mahakama Kuu, kifungu cha 45 kinalinda familia na cha 47 kinaitaka serikali ifuate utaratibu wa haki, na majaji huwa wanasikiza, lakini fikiria mwenyewe, unamtafuta wakili usiku, mume yuko selo, watoto wanauliza baba yuko wapi, na yote haya kwa sababu ya fomu ambayo siku hizi unaijaza kwa simu. Nimekaa na kina mama waliobaki na watoto hivo na roho inaniuma mpaka leo, mana hakukuwa na ubaya wowote kwenye ndoa ile, ni tarehe tu iliyopita.

Na kuhusu nikahi ya sebuleni na mashahidi wawili, mbele ya Mungu ni ndoa, sibishani na mtu hapo, lakini Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, za Kiislamu pia. Nendeni kwa Kadhi mchukue cheti mapema. Msije kunambia mna miaka tisa na cheti ni cha juzi.

Halafu kuna hii ya "avuke mpaka wa Tanzania pale Lunga Lunga, apige stampu Horohoro, arudi, siku zinaanza upya." Hakuna sheria inayompa mtu haki ya kuanza upya. Afisa wa mpakani ndo anayeamua akupe siku ngapi ama asikupe kabisa, na akiona paspoti imejaa kutoka na kurudi anajua wewe si mtalii. Na aliyekwisha kupitisha siku akienda pale anajipeleka mwenyewe.

"Mkahawa ni wa mke wangu, mimi nasaidia tu jikoni." Bwana, hiyo ni kazi, hata kama hulipwi. Tafuta pamiti.

Upande wa pili nao, dada zetu. Wengi wanaamini ukiolewa na Mtaliano Ukenya unapungua, na ukichukua paspoti ya Italia ndo umekwisha. Sivo. Katiba inasema uraia haupotei kwa kuoa wala kuolewa wala kwa talaka, na aliye raia kwa kuzaliwa haupotezi kwa kuchukua wa nchi nyingine. Miguna Miguna, Mkenya wa kuzaliwa mwenye paspoti ya Canada, alitupwa nje ya nchi Februari 2018, Mahakama Kuu ikasema aliyofanyiwa ni kinyume cha katiba, na Oktoba 2022 akarudi kwao. Ila mambo mawili yashikeni. Kama ulichukua uraia wa kule kabla ya Agosti 2010 wa hapa uliupoteza kwa sheria ya wakati ule, unaweza kuuomba tena na utarudishiwa, lakini lazima uombe. Na kama umechukua baada ya hapo, sheria inakutaka uujulishe uraia huo wa pili ndani ya miezi mitatu, na adhabu ya kunyamaza ni kubwa, faini inaweza kufika milioni tano. Na kule kwao pia hupewi siku ya harusi, ni miaka miwili ya ndoa ukiishi Italia, mitatu ukiwa nje, nusu yake mkiwa na watoto, na mtihani wa Kitaliano kiwango cha B1, yani cha kati, kwa hivo kile Kitaliano cha ufuoni ongezeni bidii.

Watoto nimalize haraka. Mtoto wa mama wa Malindi aliyezaliwa Milano ni Mkenya tangu siku ile, hata kama alizaliwa kabla ya 2010. Mtoto wa wageni wawili aliyezaliwa hospitali ya Malindi si Mkenya, hata akiongea Kigiriama kuliko wewe, na cheti cha kuzaliwa si uraia, hupewa yeyote aliyezaliwa humu.

Shamba pia: mgeni hamiliki ardhi ya milele Kenya, ni kukodi tu, mwisho miaka 99, na ndoa haibadilishi hilo.

La mwisho linawahusu vijana wetu wasio na kitambulisho, ambao polisi akiwasimamisha wanajiona wageni kwao. Kitambulisho ni ushahidi, unakichukua ukifika 18, lakini uraia uliupata ulipozaliwa na mzazi Mkenya. Usichanganye na Wapemba wa Mayungu, wale wavuvi wa huku pwani wenye asili ya kisiwa cha Pemba, wale wazee wao hawakuhesabiwa raia ndo mana wameishi hapa vizazi na vizazi wakivua bila karatasi, mpaka 2023 serikali ikawatambua na kuwaandikisha. Wewe mamako ana kitambulisho, humwombi mtu akupe uraia. Nenda ofisi ya usajili na nakala ya kitambulisho chake na cheti chako cha kuzaliwa, wakikukatalia waambie waandike sababu kwa karatasi, halafu niletee hiyo karatasi.